Mlango uliotumika: ninunue?

Swali: Tunakarabati nyumba hapa Marekani. Je, tununue milango iliyotumika kwenye maduka ya ReStore na kuwapa makabati yetu ya zamani?

Jibu: Naam, fanyeni yote mawili. Maduka hayo ni ya shirika la Habitat for Humanity. La kwanza lilifunguliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1991, na mapato husaidia kujenga nyumba za wenye kipato kidogo.

Nendeni na futi kamba. Pimeni upana, urefu na unene, kisha chungulieni ubavuni kuona kama mbao zimepinda. Rangi ya kabla ya 1978 inaweza kuwa na madini ya risasi, msiikwangue ovyo.

Makabati yang'oeni taratibu, droo na bawaba zibaki pamoja, na pigeni simu dukani kwanza. Kilichovunjika msipeleke: toeni ambacho nanyi mngekinunua.