Mafuta Yakishuka, Mbona Nauli Haishuki?

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, watu wa Kibomet hutega masikio redioni kama watahiniwa wanaongoja matokeo. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, ile tunayoiita EPRA kwa kifupi, hutangaza bei mpya za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Bei hizo huanza kutumika usiku huo huo na hudumu hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Zikipanda, kesho yake asubuhi nauli ya bodaboda nayo imepanda, hata kabla mwendeshaji hajamaliza mafuta aliyonunua jana kwa bei ya zamani. Zikishuka, kimya! Utadhani siku hiyo redio zote za Kitale zimekosa betri.

Jambo hili lilizua ubishi mkali katika kikao kimoja cha Chama chetu cha Kiswahili. Wengi walisema ni ulafi wa watu wa bodaboda tu, basi. Mimi sikuridhika na jibu hilo, nikaamua kulichunguza kwa kalamu na karatasi, na kwa kuuliza watu wa steji, wa sokoni na wa kisiagi. Nakukaribisha tulitazame pamoja.

Kwanza tujue mafuta yanatufikiaje. Zamani Kenya ilileta mafuta ghafi na kuyasafisha yenyewe pale Changamwe, Mombasa. Kiwanda hicho kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu hapo tunanunua ng'ambo mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Yakishuka melini husukumwa kwa bomba hadi Nairobi, bomba lililoanza kazi 1978, kisha hadi Eldoret na Kisumu kwa bomba lililoongezwa mwaka 1994. Kutoka Eldoret, malori ya tangi ndiyo yanayoyapandisha hadi kwetu Kitale. Kila hatua ina gharama yake. Ndiyo maana bei ya Mombasa huwa chini kuliko ya Nairobi, na ya kwetu huwa juu kidogo. Bei ya EPRA ni kikomo: mwenye kituo cha mafuta anaweza kuuza chini yake, lakini si juu yake. Mpango huu wa kikomo ulianza Desemba 2010. Kabla ya hapo, tangu Oktoba 1994, kila kampuni ilijipangia bei yake.

Sasa tazama tarakimu hizi, zote za lita moja ya petroli jijini Nairobi. Agosti 2022 ilikuwa shilingi 159.12. Septemba mwaka huo serikali iliondoa ruzuku ya petroli, bei ikaruka hadi 179.30 kwa usiku mmoja. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwa mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16, na wakati huo huo shilingi yetu ilikuwa ikidhoofika mbele ya dola, nasi mafuta tunayanunua kwa dola. Oktoba 2023 lita ikafika 217.36. Dizeli ilikuwa 205.47, na mafuta ya taa, ya mtu asiye na stima, 205.06! Halafu mambo yakageuka. Dola iliyokuwa imefika shilingi 160 hivi mnamo Januari 2024 ilirudi hadi kama 129 baadaye mwaka huo, na kufikia Oktoba 2024 petroli ilikuwa 180.66. Ingeshuka zaidi, ila Julai ya mwaka huo ushuru wa kutengeneza barabara uliongezwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita.

Basi tuichukue kalamu. Tuseme pikipiki inakwenda kilomita 45 kwa lita moja. Abiria anapelekwa kilomita 4 kutoka barabara kuu hadi kwao, na mwendeshaji anarudi mtupu. Hizo ni kilomita 8. Kwa bei ya Agosti 2022, petroli ya safari hiyo ni kama shilingi 28. Kwa bei ya Oktoba 2023 ni kama 38 na senti 60. Kwa bei ya Oktoba 2024 ni kama 32. Tuseme tena kwamba nauli ilikuwa shilingi 50. Ili mwendeshaji abaki na faida ile ile, mwaka 2023 alipaswa kudai shilingi 60, na mwaka 2024 alipaswa kurudi hadi 54.

Hapa ndipo nilipogundua kiini cha jambo. Nilimpelekea kijana mmoja wa steji hesabu yangu, nikamwambia, "Kaka, kwa hesabu hii nauli yako inafaa iwe shilingi hamsini na nne." Akaitazama karatasi, akacheka sana, akawaita wenzake waje waione. Kisha akaniambia, "Sikiza kijana. Wewe niletee abiria mmoja tu mwenye hamsini na nne mkononi, mimi nitambeba mwezi mzima."

Ni kweli. Bei ya EPRA husogea kwa senti. Bei ya kijijini husogea kwa sarafu. Hakuna anayetembea na shilingi nne. Nauli ni 50, au 60, au 70, na mara nyingi inaruka "mbao" nzima kwa sababu noti ya mia na chenji ya thelathini ni rahisi kuliko chenji ya arobaini. Wakati wa kupanda, mwendeshaji anaona hasara na anaruka juu hadi sarafu inayofuata. Wakati wa kushuka, ile tofauti ya shilingi sita haitoshi kumrudisha sarafu moja chini, basi anakaa pale pale. Bei ikishuka mara tatu, kidogo kidogo, hakuna siku hata moja ambayo mtu angesema, "Leo ndiyo siku ya kupunguza."

Simtetei. Anayeruka kutoka 50 hadi 70 hesabu ikimpa 60 amejiongezea kumi, na anajua. Lakini wenzangu wanaosema ni ulafi tu wanasahau kwamba wengi wa vijana wale pikipiki si zao. Kila jioni wanampelekea mwenye pikipiki kiasi kilichokubaliwa, siku iwe ya soko au ya mvua. Kiasi hicho hakipungui EPRA ikitangaza. Tena matairi, oili na spea hupanda na dola, na dola ikishuka hakuna redio inayotangaza bei mpya ya tairi.

Nyakati za bei ya juu hubadilisha hata namna watu wanavyoendesha. Jambo la kwanza utakaloliona kituoni ni kwamba hakuna tena anayejaza tangi. "Weka ya mia mbili." "Ongeza ya hamsini." Mwendeshaji ananunua mafuta ya abiria wawili, akishawapeleka anarudi tena kununua, na mwendo wa kwenda kituoni nao unakula mafuta! Aliye mbali na kituo hununua ya chupa dukani, na ya chupa ni ghali kuliko ya pampu maana hapo kikomo cha EPRA hakimfikii mtu. Petroli katika chupa ya soda, kando ya jiko la mwenye duka. Nikipita hapo mimi huharakisha.

Jambo la pili ni kungoja. Matatu ya Kitale kwenda Bungoma haiondoki hadi ijae, na "kujaa" maana yake hubadilika na bei ya dizeli. Kiti cha watatu kinakuwa cha wanne, na makanga anakuomba "usonge kidogo mwalimu" hata kama una sare ya shule. Bodaboda nao hubeba wawili au watatu, ingawa sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Wagawanye nauli, wanasema. Hawasemi watagawanya nini pikipiki ikianguka.

Jambo la tatu ndilo linalonitia hofu zaidi: madereva wanaoachilia gari liteleze mteremkoni bila giya, wengine hata kuzima injini, ati wanaokoa mafuta. Wapenzi wa Fizikia mnisaidie hapa. Breki za magari mengi husaidiwa na nguvu ya mvuto wa hewa inayotokana na injini ikiwa inazunguka. Injini ikizimwa, msaada huo hubaki wa kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Cha kushangaza ni kwamba katika magari ya kisasa hakuna kinachookolewa. Gari likiteremka ndani ya giya huku dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, mtambo wake hukata mafuta kabisa, magurudumu yakawa ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa giya, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Kwa hivyo dereva huyo anahatarisha watu kumi na wanne na bado anapoteza mafuta. Anayetaka kuokoa kweli apunguze mbio, kwa maana upinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukizidishwa mara mbili, upinzani huwa mara nne.

Tuondoke barabarani twende kisiagini. Kisiagi cha dizeli hunguruma na kula mafuta hata kama hakuna mahindi ndani. Kwa hiyo mwenyewe, kama dereva wa matatu, naye hungoja. Haiwashi mashine kwa ajili ya gorogoro moja. Anasubiri foleni iwe ndefu. Mama aliyefika saa tisa anasagiwa saa kumi na mbili. Na mara nyingi anayetumwa kisiagini si mama, ni msichana aliyetoka shule, mwenzetu huyu huyu anayekuja kesho asubuhi bila kumaliza insha, na aliyerudi nyumbani gizani na ndoo ya unga kichwani. Katika hesabu zote nilizofanya, hii sikupata pa kuiandika, maana haina shilingi. Lipo na jambo la afya pia: wengi huacha kukoboa mahindi ili walipe mara moja tu. Unga unakuwa na pumba zake, watoto wananuna, kumbe ndio ulio na lishe zaidi.

Wauza mboga wa kwetu, ambao hununua mali Kitale, hawawezi kupandisha bei ovyo. Mteja wa sukuma wiki amezoea fungu la shilingi kumi au ishirini, na ukimwambia ishirini na tano anakwenda kwa jirani. Basi bei inakaa, fungu linapungua. Mandazi nayo hivyo hivyo: bei ya mwaka jana, ukubwa wa mwaka kesho. Akina mama hao pia huungana wanne kukodi pikapu moja, na badala ya kwenda sokoni kila siku wanakwenda mara mbili kwa wiki. Nyanya ya siku ya nne si ile uliyozoea. Kwa mafuta ya taa, dukani hupimwa kwa kikopo, na asiye na pesa hununua kikopo kidogo. Hapo nina neno. Septemba 2018 mafuta ya taa yalitozwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli kwa sababu ya urahisi wake. Udanganyifu ulikuwa wa wenye matangi, lakini ushuru unalipwa na mwenye kibatari.

Umeona mtindo, msomaji. Mwenye pikipiki anamsukumia abiria, mwenye kisiagi anamsukumia mama, mwenye mandazi anatusukumia sisi. Kila mmoja ana wa kumsukumia isipokuwa mkulima. Dizeli ilipofika kilele Oktoba 2023 ndio mavuno ya Trans Nzoia yalikuwa yanaanza. Mashine ya kupukuchua hulipwa kwa gunia. Trekta la kubeba hulipwa. Lori la kwenda ghalani hulipwa. Halafu mkulima anafika na mahindi yake, akiuliza anaambiwa bei, wala haulizwi alitumia dizeli kiasi gani. Gunia lake la kilo 90 haliwezi kupunguzwa kama fungu la sukuma. Na pesa za gunia hilo ndizo karo ya wengi wetu tunaosoma gazeti hili.

Hesabu yangu imetumia safari moja tu, nayo ya mfano. Wanachama wanaotoka Kiminini, Kamukuywa, Webuye na Bungoma nawaomba jambo dogo: tarehe 15 ya kila mwezi andikeni kwenye daftari nauli mliyolipa siku hiyo, na bei ya lita iliyobandikwa kituoni. Mleteni madaftari hayo tukifungua muhula wa kwanza, tuyachapishe yote katika toleo lijalo, steji kwa steji.