Mbona sura bado inaonekana?

Tuseme klabu yenu ya afya hapo Babati mjini inatengeneza video fupi. Dada mmoja wa mtaani amekubali kueleza anavyoishi na VVU, kwa sharti moja: asitambulike. Mtangazaji wenu naye anasimama mbele ya kitambaa cha kijani, ili nyuma yake mumwekee Ziwa Babati. Pembeni mnataka nembo ya klabu. Mnafika kwenye kompyuta, mambo yanaenda kombo.

Kabla hamjalaumiana, elewa hili. Kila nukta ya picha ina nyekundu, kijani na bluu. Baadhi ya mafaili yana kipimo cha nne, alfa, kinachosema nukta ionekane kiasi gani. Kwa kawaida 0 ni wazi kabisa, 255 haipitishi kitu.

Nembo imekuja na boksi jeupe? Huenda ni JPEG, ambayo haina alfa. PNG, iliyotoka mwaka 1996, inaweza kuwa nayo. Ila ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, uwazi unapotea njiani. Itume kama dokumenti. Kubadili jina la faili tu hakusaidii kitu.

Na mtangazaji ana tundu kifuani, viboko wa ziwani wanaonekana humo? Angalia sweta! Programu imeambiwa ifute kijani, na sweta la shule ni la kijani. Yenyewe haijui lipi pazia, lipi nguo. Avue, au mtumie kitambaa cha bluu. Asimame mbali kidogo na kitambaa, rangi isimrudie mwilini.

Hayo ni ya kucheka. Sura ya yule dada siyo. Mmemfunika kwa duara jeusi, lakini kiwango cha kuonekana kikiwa asilimia 85, duara bado linapitisha picha. Kwenye skrini ndogo hamwoni kitu. Mtu mwingine akiongeza mwanga, huyo hapo. Weka 100. Hakikisha duara liko tabaka la juu kabisa. Halafu pitia picha moja moja, maana akigeuza kichwa duara linabaki nyuma, na nusu sekunde inatosha mtu kubonyeza pozi.

Kagua faili lililokwisha kutolewa, siyo lile la kwenye programu. Faili la kazi msimpe mtu, kwani duara linaondolewa kwa kubofya mara moja.

Kwa maoni yangu, njia nzuri zaidi ni kumpiga kutoka nyuma au mikono tu, hapo hakuna sura ya kuvuja. Sauti nayo ibadilishwe. Siri ya hali yake inalindwa na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, kwa hiyo msichukulie poa. Mwiteni aitazame video kabla haijatoka. Akisema "hapa mtu atanijua", sehemu hiyo inakatwa, hata kama ndiyo mliyoipenda zaidi.