Mbinu Tano za Kupiga Picha Zenye Maisha ya Kweli Katunguru

Dunia inaijua Katunguru, nchini Uganda, kwa picha za viboko, nyati na tembo wanaokunywa maji kandokando ya Mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Hifadhi ya taifa iliyouzunguka mfereji huo ilianzishwa mwaka 1952, na mwaka 1954 ikaitwa Malkia Elizabeth. Lakini ndani ya hifadhi hiyo wamo pia wavuvi, wachuuzi na wanafunzi ambao ni nadra kuonekana. Nasi tukishika simu tunafanya yaleyale: tunavaa vizuri, tunasogeza ndoo pembeni, tunasubiri machweo. Watoto wetu watarithi sherehe tupu, wasijue ni kazi gani iliyowalea. Tunaweza kurekebisha hilo kwa simu hizihizi tulizo nazo.

1. Fuata kazi tangu mwanzo. Usingoje mvuvi ainue ngege mkubwa. Mpige anapoziba nyavu zilizotoboka, anapokumba maji mtumbwini, anapopatana bei na mchuuzi. Vivyo hivyo kwenye ziwa la chumvi la Katwe: rundo la chumvi peke yake halisemi mengi. Onyesha miguu iliyoshinda ndani ya maji makali ya ziwa, na mama anayebeba mzigo hadi nchi kavu. Katika arusi, ingia pia jikoni kwa wanaomenya matoke na wanaobaki kuosha masufuria.

2. Omba ruhusa, kisha usimpange mtu. Sema waziwazi: "Mzee, naomba nikupige picha ukiendelea na kazi yako." Akikubali, kaa karibu naye kwa muda bila kupiga, akishakuzoea ataacha kujikaza. Mwonyeshe ulichopiga, na asipopendezwa, futa. Kwa mtoto, muulize mzazi. Ukiwa soko la Mpondwe, pale Bwera, kumbuka uko mpakani na Kongo: usielekeze simu kwa askari wala ofisi za mpaka bila idhini.

3. Usihatarishe uhai. Kiboko hutoka majini jua likizama kwenda kula nyasi, na hiyo ndiyo saa ambayo mwanga unavutia wapiga picha. Usisimame kati yake na maji, wala usimsogelee ili aonekane mkubwa. Piga ukiwa mbali, mahali salama. Na ukiweka picha hiyo mtandaoni, eleza kwamba watu wanaishi na kuvua samaki kwenye maji hayohayo. Mtazamaji aliye mbali hatalijua hilo asipoambiwa.

4. Andika maelezo kamili. "Uvuvi Katunguru" hayatoshi. Andika siku, mahali, kazi iliyokuwa ikifanyika, na jina la mtu kama ameridhia. Ongeza jambo moja ambalo picha haiwezi kuonyesha: upepo ulikuwa mkali, samaki walikuwa haba, mtoto alikuwa mgonjwa nyumbani. Usitie chumvi ili kuamsha huruma. Umaskini uliopambwa nao ni uongo, sawa na utajiri wa kuazima.

5. Chapisha chache uzitunze. Simu hupotea, huibwa, huanguka majini. Chagua picha chache, uzipeleke studio Kasese au Bwera zikachapishwe. Nyuma ya kila moja andika maelezo kwa penseli. Toa nakala kwa aliyepigwa. Yeye ndiye mwenye sura, na pengine hana picha nyingine yake akiwa kazini.

Anza wiki hii na mtu mmoja wa nyumbani: mama, shangazi, kaka anayeendesha bodaboda. Mfuate tangu asubuhi hadi jioni, ukipiga picha kila anapobadilisha kazi. Mwisho wa siku, kaeni mzitazame pamoja kabla ya mtu mwingine yeyote kuziona. Muulize: ndivyo siku yako ilivyokuwa? Akikuambia kuna kazi uliyoikosa, kesho rudi ukaipige.