Uso umepinda: ni kiharusi?

Swali: Daktari, mama ameamka mdomo umepinda, jicho halifumbi. Majirani wanasema ni upepo wa dirisha la daladala. Msomaji, Mbagala.

Jibu: Pole sana. Upepo hauna kosa. Ubongo una jozi 12 za mishipa ya fahamu ya kichwani. Wa saba huendesha misuli ya uso, ukipita kwenye tundu jembamba la mfupa karibu na sikio. Ukivimba humo, uso hulegea.

Mwambie mama akunje paji la uso. Upande uliolegea ukibaki bila mikunjo, huenda ni mshipa huo. Ukikunjika vizuri, hofia kiharusi, hasa mkono ukilegea au maneno yakikwama. Lakini usiamue mwenyewe: mpeleke Hospitali ya Temeke leo hii. Dawa ya uvimbe hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72. Usiku mfunike jicho lisikauke.