Kamba ya Turubai: Usiangalie Nguvu Peke Yake

Muuzaji akikutolea kamba ya kufungia turubai, kwanza ataivuta kwa mikono miwili mbele yako na kusema, "Hii haikatiki." Huenda ni kweli, ila hilo si la kukuhangaisha. Turubai la kambini haliangushwi na kamba kukatika. Linaangushwa na kamba kulegea. Usiku mvua ikinyesha, katikati panabonyea na maji yanatuama. Dimbwi la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita 5 tu lina lita 50, yaani kilo 50 zinazoning'inia juu ya kichwa chako.

Mlegevu mkuu ni nailoni. Ni imara sana, lakini hunywa maji, na ikilowa hurefuka. Hata ile kamba ya miavuli ya askari, inayosifiwa kila mahali kwa kubeba takriban kilo 250, ni nailoni vilevile. Ukiwa nayo, itumie, ila toka ukaikaze tena kabla ya kulala.

Mimi ningenunua poliesta. Hainywi maji ya kutajika, hairefuki sana, na hulivumilia jua. Kwa kamba za pembeni, unene wa milimita 2 hadi 3 unatosha. Nyembamba zaidi ya hapo hukata vidole na kujisokota ovyo. Kamba ya juu, inayobeba turubai lote kati ya miti miwili, iwe ya milimita 4 au 5.

Kamba za manila za plastiki, zile za bluu na njano za kufungia mizigo, ni rahisi na zipo kila duka. Nyingi ni za polipropilini: fundo huteleza, na jua huzila upesi. Ukiona zinatoa vinyuzi vikavu vinavyochoma kiganja, tupa. Kama hujui umeuziwa nini, kata kipande, kizamishe kwenye ndoo na ukiminye hewa itoke. Polipropilini huelea, nailoni na poliesta huzama.

Katani nayo? Sifa za mkonge wa Tanga sizipingi, lakini kamba yake ikilowa hufupika. Umeikaza jioni ikiwa kavu, usiku inang'oa vigingi au kuchana matundu ya turubai, na ikikauka inalegea.

Mahali nako kuna masharti yake. Msituni Usambara utafunga kwenye shina la mti. Shira, kwenye Kilimanjaro, juu ya mita 3,500, miti hakuna na kigingi mara nyingi hugonga mwamba, kwa hiyo kamba hufungwa kwenye mawe. Jiwe lenye makali husaga kamba nyembamba kila upepo unapotikisa turubai. Zungushia jiwe kipande cha kamba nene chenye kitanzi, kisha kamba yako nyembamba uifunge kwenye kitanzi hicho.

Fundo la kujifunza ni lile linalosogea. Pitisha kamba nyuma ya kigingi, rudisha ncha, izungushe mara mbili kwenye kamba iliyokazwa ukiwa ndani ya kitanzi, yaani upande wa kigingi, kisha mara moja nje ya kitanzi, upande wa turubai, na uikaze. Ukilisukuma fundo kuelekea turubai, kamba inakazika, ukiliachia, linashika. Kwenye Dyneema, ile kamba nyepesi ya bei kali, fundo hili huteleza, basi ongeza mizunguko au tumia kikazio cha plastiki.

Kila kona iwe na mita 2 hadi 3, ili kamba ishuke kwa mlalo wa nyuzi 45 hivi. Ncha zichome kidogo kwa kiberiti zisifumuke. Na kama unaweza kuchagua rangi, chukua ya chungwa au nyeupe: kamba nyeusi haionekani usiku, na anayeamka kwenda chooni ndiye atakayeng'oa kigingi kwa mguu.