Pasaka, Mwezi Mpevu na Bamvua la Kilwa

Krismasi haina taabu: kila mwaka ni 25 Desemba. Pasaka ndiyo inayohangaisha. Mwaka 2024 ilikuwa 31 Machi, 2025 ikawa 20 Aprili, ya 2026 ni 5 Aprili. Lakini kwa mvuvi wa Kilwa Masoko, au mama anayekwenda kuchokoa pweza kwenye miamba ya Songo Songo, sikukuu hii ina tabia moja ya kutegemewa. Huja siku chache baada ya mwezi mpevu, tena katika majira ambayo bamvua huwa kubwa kuliko karibu yote ya mwaka. Ukiuliza kwa nini, jibu linapita njia mbili zisizofanana: mvuto wa mwezi juu ya bahari, na mabishano ya maaskofu waliokutana mwaka 325.

Tuanze na maji. Mwezi huvuta kila kitu duniani, na mvuto hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Bahari iliyoelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, hivyo maji yake huinuka. Hapo hakuna anayekwama. Wengi hukwama upande wa pili, kwa sababu huko nako maji huinuka. Hayasukumwi na kitu. Ni dunia yenyewe inayovutwa zaidi kuliko hayo maji, ikayaacha nyuma. Basi kuna vilima viwili vya maji, na dunia inapojizungusha, Kilwa hupita katika vyote viwili. Ndiyo maana bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwa kuwa mwezi nao haukai mahali pamoja, saa ya kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku.

Jua pia huvuta, ila athari yake kwenye maji ni pungufu kidogo ya nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu katika mstari mmoja, na mivuto miwili hujumlishwa. Hilo ndilo bamvua, ambalo hufikia kilele siku moja au mbili baadaye. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hupingana, yakaja maji mafu. Sasa ongeza jambo moja. Karibu na 20 Machi jua huvuka ikweta, mchana na usiku hulingana, na mwezi mpevu wa siku hizo, kwa kuwa uko upande ulioelekeana na jua, nao huwa karibu na ikweta. Vyote viwili vinavuta ukanda uleule wa bahari, na Kilwa, iliyo nyuzi 9 tu kusini, iko ndani ya ukanda huo. Maji hukimbia mbali, na miamba ambayo miezi mingine haionekani hubaki wazi.

Hapo ndipo kanisa linapoingia. Injili zinaweka mateso ya Yesu wakati wa Pasaka ya Wayahudi, inayoanza katikati ya mwezi wa Nisani, na mwezi wao ulihesabiwa tangu kuandama. Katikati yake ni mwezi mpevu. Wakristo wa kwanza walikubaliana kuhusu tukio, wakagombana kuhusu siku. Katika jimbo la Asia, ambalo leo liko Uturuki, walishika siku ya 14 ya mwezi hata ikiangukia Jumanne. Roma walitaka Jumapili. Kufikia mwaka 190 hivi, Askofu Victor wa Roma alikuwa tayari kuwatenga wale wa Asia kwa ajili hiyo. Wengine, hasa Siria, walishika Jumapili lakini walisubiri Wayahudi wapange mwezi wao kwanza.

Ugumu wenyewe ni wa hesabu. Toka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu na ushei. Miezi 12 ya namna hiyo hufanya siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Waislamu waliukubali upungufu huo, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote. Wayahudi huongeza mwezi wa 13 kila inapobidi. Watu wa pwani yetu walishika hesabu mbili kwa mpigo: miezi ya kuandama kwa ibada, na mwaka wa Nairuzi wa siku 365, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, kwa kilimo na safari. Nionavyo mimi ni ufumbuzi wa busara kuliko mingine yote, kwa sababu haulazimishi jua na mwezi kupatana.

Mfalme Konstantino alipowaita maaskofu Nikea, mji ambao leo ni İznik nchini Uturuki, jambo kuu lilikuwa mafundisho ya Ario, padre wa Aleksandria aliyesema Mwana aliumbwa na Baba. Wengi kati ya maaskofu wapatao 300 walikataa, wakatunga kanuni ya imani inayosema Mwana ni wa dhati moja na Baba. Pasaka lilikuwa shauri la pili, na ukilitazama kwa makini lina sura ileile: kuwe na neno moja kwa makanisa yote. Watu hudhani mtaguso ulitoa kanuni kamili ya hesabu. Haimo katika kanuni zake 20. Walichoamua, kama barua zao zinavyoonyesha, ni kwamba wote waadhimishe siku moja, wasiwasubiri Wayahudi. Hesabu yenyewe ikabaki kwa wajuzi, na wajuzi walikuwa Aleksandria.

Huko walitumia ugunduzi wa kale: miaka 19 ya jua ni karibu sawasawa na miezi 235 ya kuandama. Zidisha mwenyewe. Miaka 19 ni siku 6,939.60, miezi 235 ni siku 6,939.69. Tofauti ni saa mbili tu. Ukishaandika tarehe za mwezi mpevu kwa miaka 19, unarudi mwanzo wa jedwali bila kutazama juu. Wakaweka siku ya usawa wa mchana na usiku kuwa 21 Machi. Pasaka ikawa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaotimia siku hiyo au baadaye. Ndiyo sababu haiwezi kuwahi kabla ya 22 Machi wala kuchelewa kupita 25 Aprili.

Saa mbili, hata hivyo, hazipotei. Kalenda ya Kirumi nayo ilikuwa na mwaka mrefu kupita kiasi kwa dakika 11, na kosa hilo hufanya siku nzima kila miaka 128. Wareno waliiteka Kilwa Kisiwani Julai 1505 na kujenga ngome. Kwa kalenda yao Pasaka ya 1506 ilikuwa 12 Aprili, baada ya mwezi mpevu wa 10 Aprili. Huo ulikuwa mwezi wa jedwali. Ule wa angani ulikuwa umeshatimia siku mbili tatu kabla, na mtoto yeyote wa Kisiwani angeona usiku ule kwamba umechelewa kuchomoza. Usawa wa mchana na usiku, nao, ulikuwa umeteleza hadi 11 Machi. Papa Gregori XIII alirekebisha yote mawili mwaka 1582, kwa hesabu iliyoasisiwa na tabibu Luigi Lilio: 4 Oktoba ikafuatwa na 15 Oktoba. Makanisa mengi ya Kiorthodoksi yalibaki na hesabu ya zamani, na ndiyo maana mwaka 2024 Pasaka yao ilikuwa 5 Mei.

Siku hizi jedwali na anga vinakaribiana sana, kiasi kwamba mtu wa Lindi anaweza kujipima kwa jirani yake Mwislamu: Jumapili ya Pasaka kwa kawaida huangukia kati ya tarehe 15 na 22 ya mwezi wa Kiislamu. Mwaka 2022, 2023 na 2024 ilikuwa ndani ya Ramadhani, na kila mara mfungo ulikuwa umefika nusu au kuipita.

Lakini kukaribiana si kulingana. Mwaka 2019 jua lilivuka ikweta saa 6:58 usiku wa kuamkia 21 Machi, kwa saa za Tanzania. Saa nne hazijatimia, saa 10:43 alfajiri, mwezi ukawa mpevu. Kwa anga, Pasaka ingekuwa Jumapili ya 24 Machi. Jedwali lilikuwa limeuweka mwezi huo 20 Machi, siku moja kabla ya mpaka, kwa hiyo haukuhesabiwa. Ukasubiriwa wa 18 Aprili, na Pasaka ikawa 21 Aprili.

Ongeza 19 juu ya 2019, upate 2038. Jedwali litarudia 18 Aprili, safari hii siku yenyewe ikiwa Jumapili, na kwa kuwa kanuni inataka Jumapili inayofuata, Pasaka itasogea hadi 25 Aprili, jambo ambalo halijatokea tangu 1943. Mwezi wa angani utakuwa mpevu alfajiri ya 21 Machi. Wachokoaji wa pweza watateremka na bamvua lake siku hiyo na zinazofuata, wakati makanisa ya Lindi yatakuwa ndiyo kwanza yako Jumapili ya pili ya Kwaresima.