Maji ya Mteremko: Tujaribu Paipu kwa Kompyuta Kabla ya Kuchimba Mtaro

Mtu akitoka Litein kuelekea Sotik, au akipita upande wa Silibwet na Longisa, anaona vilima vya chai, mabonde, na chemchemi zilizojificha chini ya miti. Huku kwetu maji si haba. Hata hivyo akina mama na watoto bado wanapanda mlima na mitungi mgongoni, kwa sababu chemchemi iko bonde hili na nyumba ziko ng'ambo ile. Basi watu wanafanya harambee, wananunua paipu, wanachimba mtaro. Halafu maji hayafiki, ama yanafika wiki mbili na paipu inapasuka. Sisi tunaotembelea vikundi tunajua kinachofuata: mweka hazina anasemwa vibaya, na ukiitisha mchango wa pili hakuna anayekuja.

Mara nyingi hakuna aliyeiba. Hesabu ndiyo haikufanywa. Katika somo hili tutaangalia programu ya kompyuta inayofanya hesabu hiyo, tena bure.

Programu hiyo inaitwa EPANET. Ilitolewa mwaka 1993 na shirika la serikali ya Marekani linalolinda mazingira, na mtungaji wake ni Lewis Rossman. Toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2020. Hainunuliwi, haihitaji kompyuta ya bei kali, na ukishaiweka unaitumia hata mahali pasipo na intaneti. Unachora mradi wako kwenye skrini: chemchemi, tangi, paipu, mifereji. Kila mahali unaandika kimo chake, kila paipu unaandika urefu na upana wake wa ndani, kila mfereji unaandika watu watachota kiasi gani. Kompyuta inaigiza maji yakipita na kukuonyesha yatafika wapi na kwa nguvu gani.

Hebu tuchukue mfano. Chemchemi inajaza mtungi wa lita 20 kwa sekunde 10, yaani lita 2 kila sekunde. Tangi litajengwa kilomita moja kutoka hapo, mita 60 chini yake. Kikundi kinataka paipu ya inchi moja na robo kwa sababu ni rahisi. Kompyuta inajibu kwamba itapitisha kama lita 1 tu kwa sekunde. Nusu ya maji itabaki kumwagika kwenye chemchemi. Maji yanaposuguana na kuta za paipu yanapoteza nguvu, na paipu nyembamba huyanyang'anya nguvu nyingi mno. Sasa futa, andika inchi mbili. Lita zote 2 zinapita, msuguano unakula kama mita 25 tu kati ya zile 60, na nguvu inabaki. Jibu hilo limechukua dakika moja, na hakuna aliyeshika jembe.

Jambo la pili ndilo linalotuumiza zaidi huku milimani. Kila mita 10 za kushuka zinaongeza msukumo wa baa moja hivi. (Baa hapa ni kipimo cha msukumo, si ile ya pombe.) Mfereji ulio bondeni mita 100 chini ya tangi utapata baa 10. Paipu za plastiki za klasi B zimetengenezwa kwa baa 6, klasi C kwa 9, klasi D kwa 12. Mchana watu wakichota, msukumo unashuka na kila mtu anafurahi. Saa nane ya usiku mifereji yote imefungwa, maji yamesimama, na hapo ndipo klasi B inapopasuka. Watu wanaamka wanasema ni hujuma. Kwenye EPANET unaandika sifuri mahali pa kuchota, na baa 10 zinaonekana palepale. Basi mnaamua: klasi D sehemu ile ya chini, au tangi dogo la kuvunja nguvu katikati ya mteremko.

Vilevile programu inaweza kuigiza saa 24 mfululizo. Kwetu asubuhi watu wanachota kwa pamoja, na ng'ombe wa maziwa naye anataka yake, mengi kuliko ya mtu. Utaona tangi likishuka saa kwa saa, kisha likijaa tena usiku. Ndivyo mnavyojua ukubwa wa tangi, badala ya kujenga kubwa ati kwa sababu jirani alijenga kubwa.

Lakini kompyuta haijawahi kufika kwenye chemchemi yenu. Ukiidanganya, nayo itakudanganya kwa uso mkavu. Pimeni chemchemi mwisho wa kiangazi, kabla mvua ya Machi au Aprili haijaanza, si wakati kila kijito kimejaa. Kimo msikitoe kwenye simu, kwani inaweza kukosea mita nyingi. Mpimaji wa ardhi ni afadhali, na hata mpira mwangavu uliojazwa maji, mkivumilia, unapima vizuri. Programu hii pia haionyeshi hewa inayokwama paipu ikipanda kijilima, wala kishindo cha maji mtu akifunga valvu kwa ghafla. Wala haijui kwamba mzee fulani hataki mtaro upite kwenye chai yake. Mhandisi bado anahitajika, na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji vilevile.

Tunaona faida kubwa zaidi kwa vijana. Aliyesoma fizikia sekondari, au yuko chuo cha ufundi, anaweza kuujifunza mfano huu mdogo kwa siku chache. Apasue paipu mara 20 kwenye skrini. Haimgharimu mtu shilingi. Kisha auonyeshe mkutano wa kikundi, akina mama wakiwemo, maana wao ndio wanaojua saa za kuchota.

Kabla ya mkutano ujao jadilianeni: chemchemi yetu inajaza mtungi kwa sekunde ngapi mwezi wa Februari? Kutoka pale tangi litakapokaa hadi mfereji wa chini kabisa ni mita ngapi kwenda chini? Na paipu ambazo tayari ziko stoo, zimeandikwa klasi gani?